Umekatwa tumbo, umepungua, sasa unataka mtoi? Cheki hizi tembe kwanza

Picha unazijua. Upande wa kushoto dem amejaa, amejificha ndani ya dera. Upande wa kulia ni yeye yule, kiuno kimerudi, luku imeiva, na hapo chini ameandika stori ya safari yake ya kupungua. Wasee wanamwaga emoji za moto. Kitu hauoni kwa hizo picha ni kopo la tembe kando ya kitanda chake. Hilo kopo haliendi popote. Atakuwa nalo akiwa na miaka 30, na akiwa na 60 pia.

Leo tuongee kuhusu hilo kopo, hasa kama umefanyiwa operesheni ya kupunguza uzito na sasa umeanza kufikiria mtoi. Na hata kama operesheni si ya level yako, kaa hapo tu. Kuna kitu humu ndani kinakuhusu kama unakula ugali.

Kwanza tusichanganye mambo. Liposaksheni inafyonza mafuta chini ya ngozi na haigusi njia ya chakula. Puto, ile kitu msanii wa Bongo Peter Msechu aliwekewa Mloganzila kule Dar mwaka wa 2023, inakaa tumboni miezi kadhaa halafu inatolewa, hakuna kitu kimekatwa. Operesheni ninayoongelea ni ile ya kisu. Kuna aina inaitwa sliivu: daktari anatoa robo tatu hadi asilimia 80 ya tumbo, inabaki kitu kama ndizi. Na kuna baipasi: tumbo linafanywa kamfuko kadogo, halafu chakula kinaunganishwa moja kwa moja na utumbo wa mbele, kinaruka ile sehemu ya kwanza.

Sikuandika hii kucheka mtu. Takwimu za serikali zilionyesha wanawake wenye uzito uliozidi Kenya walikuwa asilimia 25 mwaka wa 2008-09, na kufika 2014 wakawa 33. Sukari na presha zinakuja na huo uzito, na wengine mayai yao yanagoma kabisa, hedhi inakuja ikipenda. Kwa hao, operesheni ni matibabu kama matibabu mengine. Shida yangu ni vile tunaiuza mtandaoni kama kubadilisha weave. Unalipa laki kadhaa hospitali ya kibinafsi Kanairo, ama unaruka India ama Istanbul, unarudi mresh, stori imeisha. Haijaisha.

Ukiangalia vile baipasi inafanya kazi, utaelewa. Fikiria matatu ya kutoka Mombasa Road imekwepa jam ikapitia baipasi. Imefika haraka, sawa, lakini abiria wa tao hawajashuka. Sehemu ya kwanza ya utumbo ndiyo tao ya mwili wako. Hapo ndipo madini ya chuma yanashukia, pamoja na kalsiamu na sehemu kubwa ya folate. Chakula kikiruka hapo, unaweza kumanga managu hadi ushangae na damu bado iko chini. Na sliivu isikudanganye ati utumbo haujaguswa: asidi imepungua, na vitamini B12 inahitaji asidi na kitu fulani kinachotengenezwa na lile tumbo lililokatwa.

B12 ndiyo mjanja kuliko zote. Ini linaweka akiba yake ya miaka. Kwa hivyo mwaka wa kwanza uko fiti, mwaka wa pili uko fiti, unaanza kusema hizi tembe ni za nini, unaziacha. Halafu mwaka wa tatu hivi, akiba imeisha, vidole vinaanza kufa ganzi, unachoka bila sababu. Piga hesabu: huo ndio wakati wengi wanataka kushika mimba. Mama akikosa B12 na anyonyeshe, mtoto anakosa pia, na ubongo wa mtoto hauna akiba ya kungoja. Ndiyo maana wengi waliofanyiwa baipasi wanadungwa sindano ya B12 kila baada ya miezi mitatu. Sindano haijali tumbo lilikatwa wapi.

Sasa, kuna kitu wasupa wengi wanaambiwa mlangoni wakitoka hospitali na hakuna anayesikia. Ukipungua, mayai yanaamka. Dem ambaye alikaa miaka mitano bila kushika mimba anaweza kushika ndani ya miezi michache, bila mpango. Na ile tembe ya kupanga uzazi aliyokuwa akimeza inaweza isifanye kazi vizuri, hasa baada ya baipasi, kwa sababu nayo inapitia utumbo ule ule. Madaktari wanasema ungoje angalau mwaka mmoja, wengi wanapendelea mwaka na nusu, hadi uzito utulie. Hiyo miezi ya kwanza mwili wako uko kwa njaa ya nguvu, na mtoi hawezi kujengwa na mwili unaojila. Kwa hivyo tumia njia isiyopitia tumboni: koili ama implanti ya mkono. Na wale wa Ozempic, msijione mko salama. Hiyo dawa inatakiwa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kuanza kutafuta mtoto.

Tuje kwa ile kitu ilinifanya niandike hii stori: siku 28.

Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unafungika ndani ya siku 28 baada ya mimba kutungwa. Siku hizo, wengi hata hawajajua hedhi imechelewa. Mrija usipofungika vizuri, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Si kila kesi inatokana na kukosa folate, lakini nyingi zinazuilika. Hii si stori ya jaba. Mwaka wa 1991 utafiti mkubwa ulioongozwa na Baraza la Utafiti wa Matibabu la Uingereza ulionyesha asidi ya foliki, ikianzwa kabla ya mimba, inapunguza mgongo wazi kwa asilimia 72 kwa kina mama waliokuwa tayari wamezaa mtoto mwenye hiyo shida. Neno la maana hapo ni kabla.

Halafu angalia vile sisi tumejipanga. Tembe za serikali, zile za chuma na asidi ya foliki pamoja, miligramu 60 za chuma na maikrogramu 400 za foliki, unapewa bure kliniki ya wajawazito. Kliniki ya wajawazito. Yaani lazima uwe na mimba kwanza. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu 2016 ziara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12, lakini wewe unajua vile mtaani inaenda: mtu anaficha mimba hadi tumbo lijionyeshe, anafika mwezi wa tano. Anapewa kopo la tembe na nesi mkarimu. Chuma itamsaidia, hiyo ni kweli. Lakini mgongo wa mtoto ulifungika ama haukufungika miezi minne iliyopita.

Kenya iliona hii kitu mapema, lazima tupeane heshima. Mwaka wa 2012 ikawa sheria: unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti lazima uongezwe chuma, foliki, zinki na vitamini zingine. Uingereza, wenye ule utafiti, ilitangaza mpango wa kuweka foliki kwa unga wake wa ngano 2021. Tuliwaacha miaka tisa. Kwa hivyo dem wa Kileleshwa anayenunua unga wa pakiti supamaketi, hata kama hajui foliki ni nini, anapata kidogo kila akisonga ugali.

Sasa toka Kileleshwa uende karibu kilomita 380, ufike Kitale, uingie Kipsongo.

Kipsongo ni mtaa wa mabati, wengi wao wakiwa na mizizi Turkana, walikuja kutafuta kibarua kwa mji ambao umezungukwa na mahindi. Trans Nzoia inalisha nchi. Na kwa sababu mahindi iko karibu, hakuna mtu anakimbilia pakiti. Unanunua gorogoro, unapeleka kisiagi, unarudi na unga wako ungali moto. Ni bei poa na ladha iko juu. Lakini kisiagi hakiweki foliki. Kinasaga tu kile umeleta. Bungoma ni hivyo hivyo, na vijiji vyote katikati. Watu wanaoishi kando ya ghala la nchi ndio sheria ya 2012 imewapita juu ya kichwa. Hiyo nayo ni baipasi, tofauti ni kwamba hakuna daktari aliyeifanya.

Mtu ataniambia mbona Kitale kuna mboga. Kuna managu, saga, kunde, murenda, na maharagwe kila kona, na zote zina folate. Lakini folate haipendi moto. Chemsha mboga saa nzima, mwaga maji, pasha tena kesho, na umebaki na rangi. Na ukiwa umekatwa tumbo, unakula vijiko vichache unashiba. Hutafika kiwango kwa sahani.

Kwa hivyo tuseme wewe ni dem wa Kipsongo uliyetoka, ukaomoka, ukafanyiwa baipasi Kanairo. Umerudi nyumbani, umeolewa, mnataka mtoi. Mpasuaji wako yuko Nairobi. Nesi atakayekupima yuko Kitale ama Bungoma na hajawahi kuona faili yako. Wewe ndiye daraja kati yao. Usipoongea, atakufanyia kila kitu kama mama mwingine yeyote, na kuna mahali hiyo itakuumiza.

Mahali pa kwanza ni dozi ya foliki. Wengi wanahitaji maikrogramu 400 kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mtoto, na miezi mitatu ni bora, hadi wiki ya 12. Lakini kama una sukari, unameza dawa za kifafa, umewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, ama bado uzito wako ukigawanywa kwa urefu mara urefu unatoa 30 kwenda juu, daktari anaweza kukuandikia miligramu 5. Hiyo ni zaidi ya mara kumi. Waliofanyiwa operesheni wengi bado wako juu ya 30 hata baada ya kupungua, kwa hivyo usidhani haikuhusu kwa sababu jeans imekutosha.

Hapo ndipo Bungoma inaingia na stori yake. Bungoma iko kwa ukanda wa malaria wa ziwa, na mjamzito anapewa SP, ile wazee wanaita Fansidar, kuanzia wiki ya 13. Foliki ya miligramu 5 inaua nguvu ya SP. Zikikutana, unakuwa umemeza dawa ya malaria bure, na malaria kwa mjamzito si mchezo. Ile ya maikrogramu 400 haina shida na SP. Miongozo ya ng'ambo utakayosoma kwa simu haitakuambia hii, kwa sababu London hakuna mbu wa malaria. Dozi kubwa inaisha wiki ya 12, halafu unashuka kwa ile ndogo kabla ya SP kuanza. Muulize nesi wazi: "Hii foliki yangu ni ngapi?" Soma kopo mwenyewe pia.

Na usimeze foliki peke yake ukidhani umemaliza. Foliki inaweza kurekebisha damu ionekane poa kwa vipimo huku upungufu wa B12 ukiendelea kula neva kimya kimya. Hizo mbili zipimwe pamoja.

Chuma sasa. Baada ya operesheni kiwango kinachopendekezwa ni miligramu 45 hadi 60 kwa siku kwa mwanamke anayepata hedhi, na kalsiamu 1,200 hadi 1,500. Shida ni kwamba hawa wawili hawapandi matatu moja. Kalsiamu inazuia chuma kuingia, kwa hivyo ziachane angalau masaa mawili. Kalsiamu igawanywe mara mbili ama tatu kwa siku. Sasa fikiria vile sisi tunameza dawa: asubuhi, na kikombe cha chai ya maziwa. Maziwa ina kalsiamu, majani ya chai nayo yanashika chuma. Umemeza tembe, lakini umeifungia mlango. Meza chuma na maji, kula pera ama chungwa hapo, chai ingoje.

Na odowa. Ndiyo, nimesema. Yale mawe laini yanauzwa soko zote za Western, mjamzito anatafuna kama njugu. Hamu ya kula mawe ama udongo mara nyingi ni mwili unalia chuma, na udongo wenyewe unaweza kuzuia kile kidogo ulichopata kisiingie. Ukijipata unatafuta odowa na hata huna mimba, nenda upimwe damu.

Vitamini A ni ya kuchunga pande zote mbili. Baipasi inaweza kukuacha nayo chini. Lakini ile aina ya retinoli ikizidi, zaidi ya yuniti 10,000 kwa siku, inaweza kuharibu mtoto. Zile tembe za nywele na ngozi zinauzwa Insta na selebu fulani, angalia nyuma ya kopo kabla ya kupanga mimba. Pia punguza maini. Unachotaka ni beta karotini, na hapa Bungoma imebarikiwa: viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Kulikuwa na mradi wa CIP na PATH ukiitwa Mama SASHA, uliendeshwa Bungoma na Busia hadi 2014, mjamzito akienda kliniki anapewa vocha ya miche ya hivyo viazi. Hiyo ndiyo akili ninapenda. Kliniki na shamba ziliongea lugha moja.

Zile pipi za vitamini za kutafuna nazo, tamu sana, lakini nyingi hazina chuma kabisa. Achia watoto.

Kuna kipimo kimoja cha kliniki ambacho ni lazima uongee kabla hujaguswa. Kupima sukari ya mimba, unapewa glukosi tamu unywe yote mara moja. Aliyefanyiwa baipasi akinywa hiyo, inateremka kwa utumbo kama mafuriko: moyo unaenda mbio, jasho, kuhara, kizunguzungu, wengine sukari inashuka vibaya baadaye. Kuna njia nyingine, kama kupima sukari nyumbani kwa kidole kwa wiki moja. Na ukianza kutapika sana mimba ikiwa changa, usikae nyumbani ukisema ni mimba tu. Kutapika siku nyingi kunamaliza vitamini B1, na B1 ikiisha ubongo unaweza kuumia. Nenda hospitali hiyo siku, useme neno operesheni mlangoni.

Upande ule mwingine wa Mlima Elgon, Mbale, Uganda, kuna hospitali ya watoto ya CURE. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 inapasua watoto wenye mgongo wazi na vichwa vilivyojaa maji. Daktari Mmarekani anaitwa Benjamin Warf aliboresha hapo njia ya kutibu vichwa hivyo ambayo leo inatumika dunia nzima. Ni fahari ya pande zetu, na tuko karibu nayo kuliko watu wa Nairobi. Lakini mtoto wa mgongo wazi akishapasuliwa, wengi bado watahitaji katheta kila siku, na wengi hawatatembea bila msaada. Mathe wake atambeba. Foliki ni kati ya tembe za bei ya chini kabisa kwa kemisti.

Serikali ya kaunti inaweza kufanya kitu hapa bila kungoja Nairobi. Hizo tembe zipatikane kliniki ya kupanga uzazi, si ya wajawazito peke yake. Dem anayekuja kutoa implanti kwa sababu anataka mtoto amejitangaza mwenyewe: mpee foliki hapo hapo kabla hajatoka mlangoni. Na visiagi vya Kitale na Bungoma viwekewe mashine ndogo za kuongeza virutubisho. Vifaa vya hivyo vipo. Ni mambo ya kugharamia na kusimamia, na magavana wote wawili wana wapiga kura wanaokula huo unga.

Wewe ambaye tayari umekatwa, kabla mtupe mipira: damu ipimwe, hemoglobini, feritini, B12, folate, vitamini D na A. Ukishashika mimba, zirudiwe kila miezi mitatu. Kitale ikikosa kipimo, Eldoret ni karibu kilomita 70. Na piga simu kule ulikopasuliwa, uombe barua ya ukurasa mmoja: aina ya operesheni, tarehe, dawa unazomeza. Wameshakula laki zako, barua watakuandikia. Ibandike ndani ya kitabu cha kliniki, ukurasa wa kwanza, mahali nesi hawezi kuikosa.